Baba, Mkwe na Nafasi Nne

Asubuhi hiyo ya mwaka 2021, mzee wa Nyabiyonza alivaa koti lake la Krismasi, akafunga kahawa ya kutafuna kwenye kitambaa, akapanda bodaboda kwenda kutibiwa Kayanga. Goti lilikuwa limemsumbua wiki nzima. Lakini wasiwasi wa fedha hakuwa nao. Binti yake ni mwalimu wa serikali huko Kyerwa, kila mwezi anakatwa bima. Baba wa mwalimu atakosaje kuwamo?

Dirishani karani alibofya, akatazama, akabofya tena.

"Mzee, wewe humo."

Waliokuwemo ni mwalimu, mumewe, watoto wao wawili, mama yake mzazi na mama mkwe. Mzee aliomba arudiwe hilo la mwisho. Akarudiwa. Foleni nzima ikasikia.

Tuwe wakweli, binti hakuvunja kanuni yoyote. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupokea kwa mtumishi wa serikali asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka mfukoni mwake na nusu kwa mwajiri. Mwanachama humwandikisha mwenza na wategemezi wanne, nao wanaweza kuwa watoto, wazazi au wakwe. Watoto wakishachukua nafasi mbili, zinabaki mbili kwa wazee wanne. Hapo ndipo ndoa nyingi hupimwa. Mwalimu alijitetea kwenye simu kwamba mama mkwe ana sukari na anaishi naye nyumba moja, ilhali baba, kwa kauli yake mwenyewe kila jioni kwenye pombe ya rubisi, hajawahi kulala hospitali tangu azaliwe.

Majivuno yake yalikuwa yamemponza. Siku hiyo goti lilitibiwa kwa fedha taslimu.

Jumapili iliyofuata kikaitwa kikao cha familia. Kitinda mimba, aliyetoka Mwanza, alileta karatasi ya kampuni binafsi yenye picha ya mzee anayecheka na meno yote. Mzee wetu aliipenda, mpaka waliposoma maandishi madogo chini: umri wa kujiunga ulikuwa na ukomo, na yeye alikwishaupita zamani. Wakahamia kwenye vifurushi ambavyo Mfuko wa Taifa ulivizindua Novemba 2019: Najali, Wekeza na Timiza Afya. Mzee akauliza kama hizo ni kwaya. Alipoelezwa kuwa kijana analipa kuanzia shilingi 192,000 kwa mwaka na mwenye miaka 60 kwenda juu analipa zaidi, aliweka kikombe chini.

"Kahawa ikizeeka ghalani bei inashuka. Mimi nikizeeka bei inapanda?"

Hakuna aliyejibu. Mwandishi wa makala haya, mtoto wa tatu na asiye na mshahara wa serikali wala wa kampuni, ndiye aliyetoa wazo lililoharibu kikao. Alisema kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawapa matibabu bila malipo wazee wasio na uwezo, na serikali ya kijiji ndiyo huanza kuwatambua. Mzee alisimama, goti bovu na yote, akaonyesha migomba yake kuanzia mlangoni mpaka bondeni. Nani hapa hana uwezo? Mwandishi alinyamaza hadi chakula kilipoletwa.

Ikabaki CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii: wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ulianzia zahanati na kupanda kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa, Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Haikuwa na picha ya mtu anayecheka, lakini kwa mtu ambaye zahanati iko karibu kuliko benki, ndiyo iliyokuwa na maana. Mama tayari alikuwa na kadi ya mwalimu, kwa hiyo zilikuwepo nafasi tano za wajukuu. Wajukuu waliokuwa wakiishi hapo walikuwa saba. Mwandikishaji alifika na simu yake ya kupigia picha, akakuta watoto tisa wamenawa nyuso, wawili wakiwa wa jirani. Mzee aliwapanga kama mbuzi wa mnadani, akachagua wanaokohoa.

Mwezi wa kwanza aliipeleka kadi duka la dawa kununua dawa ya kuchua goti. Muuzaji aliigeuza huku na huku, akamrudishia kwa heshima. Baada ya hapo kadi ililala kwenye Biblia miezi mingi, na mzee akaanza kunung'unika kwamba elfu thelathini zake zimeliwa. Karibu na mwisho wa mwaka aliamua kwenda zahanati "kuzifuata", ingawa haumwi kitu. Muuguzi alipima presha mara mbili, kisha akaita mwenzake apime ya tatu. Ilikuwa 180 kwa 110.

Sasa ana kliniki kila mwezi, na kwenye rubisi anazungumzia vidonge vyake kama mtu mwenye ng'ombe wa maziwa.

Mtoto mkubwa wa mwalimu anakaribia kutoka kwenye kadi kwa sababu ya umri. Mzee ameanza kuhesabu miezi. Habari kutoka Kyerwa zinasema baba mkwe naye anahesabu.