Mheshimiwa Kapitia Chini

Kifungu cha 1 cha Katiba ya Kenya kinasema mamlaka yote ni ya wananchi, na kwamba wanaweza kuyatumia wenyewe au kupitia wawakilishi waliowachagua. Tarehe 25 Juni 2024, jijini Nairobi, njia zote mbili zilitumika saa zile zile. Ndani ya ukumbi, wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Nje, wenye mamlaka walikuwa wakila vitoza machozi. Wengine walikula risasi, wakafa.

Haikuwa kwamba wabunge hawakusikia. Simu zao zilikuwa zimefurika ujumbe wa wapiga kura kwa siku kadhaa, na pendekezo la ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate lilikuwa limeshaondolewa mswadani. Walisikia mkate, mengine hayakufika masikioni. Vijana waliokuwa wakiandamana kuupinga mswada walipoingia majengo ya Bunge, waheshimiwa walitoroshwa kupitia njia ya chini ya ardhi. Mbio kama zile hazijaonekana tangu kampeni.

Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wabunge wa upande wake, waliokuwa wamesimama nyuma yake, wakapiga makofi. Ndiyo, mswada ule ule.

Kifungu cha 104 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mpiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoweka utaratibu huo. Tangu Katiba izinduliwe mwaka 2010, hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.