Yah: Maombi ya Kibali cha Kutaharuki

Kwa Waheshimiwa Wasemaji wa Wakati wa Dharura,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa Newala na Masasi, kwa heshima na taadhima, tunaomba kibali cha kutaharuki, hata cha nusu saa tu. Kila jambo likitokea mnatuambia tusitaharuki, tupuuze uvumi, hali ni shwari. Tumetii mpaka tumezoea.

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, pale Somanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema. Hilo haki yao. Lakini abiria wa Masasi aliyekwama, simu imebaki chaji asilimia saba, hakuwa na shida na kasi ya upepo. Alitaka kujua basi lisubiri au ligeuze, lizungukie Songea na Tunduru. Mtu wa kumjibu alikuwa dereva wa lori.

Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema Biharamulo kunashukiwa ugonjwa wa Marburg. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zimepimwa, hakuna. Tukatulia. Tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa mmoja, Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilohilo akiwa pembeni yake. Ule utulivu wa siku zile tuurudishe ofisi gani? Ya korona tusiyafukue sana: hesabu ya wagonjwa ilifika 509 Mei 2020, ikagoma hapo zaidi ya mwaka. Hata mkorosho mzee huongeza.

Na kutangaza mnajua, msitudanganye. Siku ya mnada wa korosho, bei inafika huku kwetu Kitangari kabla mnada haujapoa. Katibu wa chama cha ushirika (AMCOS) anasema bei ya juu, bei ya chini, tani ngapi zimeuzwa. Hatuambii tusitaharuki, ingawa zipo bei za kutaharukia. Mkabidhini yeye na vimbunga.

Kibali kikitoka, gari la matangazo likija kukitangaza lisimame, japo dakika mbili. Linavyokimbia tunaambulia “ndugu wananchi” na “asanteni kwa kunisikiliza”. Katikati ni vumbi.

Wenu katika utulivu,
Mkazi wa Newala

Nakala: Dereva wa lori, Somanga – kwa utekelezaji.