Shangazi Kashata Anajibu

Barua za ndoa, mapenzi na mirathi wapelekewe mashangazi wengine. Huyu wetu ana kibanda cha matairi njiani kuelekea mwaloni Nkome, na anajibu yale tu yanayogusa ardhi.

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu hii ni wiki ya pili hatusemezani. Tuna Subaru Forester ya kwendea kliniki, kanisani na kuleta mzigo wa duka kutoka Geita. Matairi yote manne yalikuwa yanakaribia kuisha. Nikasema tununue manne, yeye akanunua mawili, akayafunga mbele. Ya nyuma, anasema, "yanasukumwa tu". Sasa tukikata kona ya kuingia uani gari linaguna na kushtuka, utadhani breki imeshika. Nikilalamika ananijibu kwamba mimi na mke mwenzangu tumepishana miaka kumi na miwili na nyumba inakwenda vizuri. Nifanyeje?*
*Mke Mkubwa, Nkome*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo kwamba wake wenza hawajafungwa kwenye shafti moja. Wewe ukienda sokoni, mwenzio anaweza kubaki amelala. Matairi ya Forester hayana uhuru huo: likizunguka moja, yote yanahesabiwa.

Mletee kalamu na karatasi, maana wanaume wa duka huheshimu hesabu kuliko machozi. Tuseme saizi yenu ni 215/65R16. Tairi jipya la saizi hiyo, lenye kashata ya milimita 8, huzunguka kama mara 464 katika kilometa moja. Tairi lile lile likishalika hadi kubaki na milimita 3, kipenyo chake kimepungua kwa milimita 10, kwa hiyo itabidi lizunguke kama mara 471 ili lifike palepale. Tofauti ni mizunguko saba, atasema, saba ni nini? Katika kilometa mia ni karibu mia saba. Mbele wanasema tumefika, nyuma wanasema bado, na katikati yao yumo mtu mmoja anayelipia ugomvi huo: zile sahani za klachi mwishoni mwa giaboksi zinazogawa nguvu kwenda nyuma.

Kwenye tope hakuna shida kubwa, tairi linateleza kidogo na deni linalipwa. Kwenye ardhi ngumu halina pa kuteleza. Oili inachemka, sahani zinaungua, gari linaanza kuguna konani kama ulivyosikia, na siku moja fundi atatamka neno giaboksi huku akitazama pembeni. Hapo mumeo atajua bei ya matairi mawili aliyoyaruka.

Mafundi wa Subaru wana kipimo chao: mzingo wa tairi moja usipishane na wa jingine kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ukirudisha hiyo kwenye kashata, ni tofauti ya unene wa milimita moja. Huhitaji mashine. Azima futi ya fundi cherehani, pandisha gari kwa jeki, zungushia tairi katikati ya kashata, andika namba, nenda kwenye jingine.

Na huo msemo wake kwamba ya nyuma yanasukumwa tu, aache. Mvua za masika zikinyesha kwenye udongo huu mwekundu, gari lenye kipara nyuma hutangulia kwa makalio. Watu wa mataa na lami wanajua hilo pia: ukilazimika kununua mawili kwa gari la kawaida, mazuri yanakwenda nyuma. Lakini lenu si la kawaida, huvuta kwa miguu yote minne.

Sasa nimtetee kidogo. Najua kwa nini alinunua mawili. Mwezi ulikuwa mkubwa, wavuvi wa dagaa hawakwenda ziwani, na Nkome pakikosa dagaa hata kiberiti dukani hakinunuliwi. Kwa hiyo msigombane, fanyeni hivi. Yavueni yale mapya mawili leo, myaweke chini ya kitanda, si juu ya bati wala nje juani. Rudisheni ya zamani, ila kwanza tazameni vile vinundu vidogo ndani ya mifereji ya kashata, palipoandikwa TWI ubavuni. Vimewekwa kwenye milimita 1.6. Kama kashata imelingana navyo, gari lilale na mpande Hiace. Kama bado ipo juu, endesheni polepole mpaka giza lirudi ziwani na fedha irudi dukani, kisha mnunue mawili mengine ya jina lile lile na sura ile ile. Mtakuwa na manne yaliyozaliwa pamoja.

Kuanzia hapo, kila kilometa elfu kumi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, yasipishane tena. Na kama Forester yenu ni ile ya zamani ya otomatiki yenye gia nne, fungueni boneti, mtaona mahali pa fyuzi pameandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, miguu ya nyuma inapumzika. Imewekwa kwa ajili ya safari ya spea, kukufikisha kwa fundi. Mumeo asije akaigeuza kuwa desturi ya nyumba.

*Shangazi shikamoo, mimi kijana wa Katoro. Nilipata matairi manne ya mtumba kutoka Japani kwa ajili ya RAV4 ya mzee. Yamefanana yote, kashata nene, mpira laini, yana vistari vidogo vidogo vingi na ubavuni kuna picha ya mlima wenye nyota ndani. Muuzaji aliniambia hiyo ni nyota ya ubora. Tumekwenda nayo Mwanza mara kadhaa kupitia lile daraja jipya, na sasa kashata inaondoka kama imepigwa msasa. Mzee ananiangalia vibaya. Nimerogwa?*
*Mtoto wa Mzee, Katoro*

Hujarogwa, mwanangu, umeuziwa baridi. Ile si nyota, ni chembe ya theluji, na mlima ule ni wa nchi ambako barabara huganda. Tazama tena ubavuni, pengine utakuta neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya barafu. Mpira wake umechanganywa uwe laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7, na vile vistari vidogo ndivyo vinavyouma barafu. Mjapani wa kaskazini huyafunga majira ya baridi, kiangazi kikija anayavua. Ndiyo maana yanafika huku bado yana kashata ya kuvutia: yamefanya kazi nusu ya kila mwaka tu.

Sasa yapeleke Katoro. Lami ya mchana kweupe, kisha daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3.2 za kujinafasi, lililofunguliwa Juni 2025, ambapo kila kijana aliyewahi kusubiri kivuko pale sasa anakanyaga mafuta kana kwamba analipiza kisasi. Mpira laini kwenye joto hilo unakwisha, na kwenye breki ya ghafla vile vibanzi vya kashata vinalala upande kabla gari halijasimama. Theluji tuliyonayo iko Kibo, na RAV4 ya mzee wako haina safari ya huko.

Ulifanya jambo moja jema, ulinunua manne yanayofanana. Mara nyingine soma kabla ya kutoa pesa. Tafuta herufi DOT, fuata hadi mwisho, utaona namba nne kwenye kikasha cha mviringo. Ukikuta 4516, tairi lilitengenezwa wiki ya 45 ya mwaka 2016. Tairi huzeeka hata likiwa limelala stoo. Mpira unakauka na kupasuka nyufa ndogo shingoni, karibu na rimu. Mimi la miaka sita namwita fundi alikague kwanza, na la miaka kumi simfungii hata adui. Wauza mitumba watakuambia namba imefutika. Mara nyingi haijafutika, inatazama upande wa ndani. Mwambie aligeuze.

Mzee wako mwambie nimesema akuonee huruma, ila asikupe ufunguo mpaka matairi yabadilishwe.

*Mambo Shangazi. Duara limetema! Mimi ni mchimbaji wa Nyarugusu na nimenunua Nissan X-Trail kwa ajili ya familia. Nataka nilipige matairi ya M/T, yale yenye meno makubwa, na rimu za spoti inchi 18, likipita watu wajue. Saizi gani itanifaa?*
*Mwenye Duara*

Hongera, na shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa.

Kabla ya saizi, nijibu: gari hili litakwenda wapi? Si wapi ungependa watu wadhani linakwenda. Kama ninavyowajua wachimbaji wenye familia, asubuhi litapeleka watoto shule, Jumamosi Geita mjini kwa fundi nguo wa mama, Desemba Shinyanga kwa wakwe. Machimboni utaendelea kwenda na pikipiki, kwa kuwa hutaki gari lichafuke. Sasa meno ya M/T yanauma nini hapo? Kwenye lami yanaunguruma mpaka watoto washindwe kukariri, yanakunywa mafuta, na kwa uzito wake yanaichosha X-Trail ambayo haikuzaliwa kuwa Land Cruiser. Ukiongeza na saizi, yatasugua matao ya magurudumu kila ukikata kona.

Utasema, na matope je? Nakujibu: ukishuka kwenye zile mbuga za Shinyanga, udongo mweusi unaofinyangika, masika hata meno makubwa hujaa yakawa chapati. Hapo kinachosaidia ni busara ya kusubiri jua. Siku nyingine zote A/T (ya njia za kila aina) ya kiasi, ya saizi iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, inatosha na kubaki. Na kama ukweli wako ni lami tupu, H/T, na usione haya.

Rimu za inchi 18 ndizo zinazonikosesha usingizi. Rimu ikiwa kubwa, shavu la tairi linakuwa jembamba. Barabara za machimboni zimejaa yale mawe meupe ya kwazi mnayoyapasua wenyewe, na kingo zake ni kisu. Hayatoboi kashata, yanachana shavu. Tobo la kashata nitaliziba. Shavu lililochanika haliponi, hata mtu akikuapia kwa gundi ya Uganda. Kwa hiyo baki na rimu ndogo ambayo breki zako zinaruhusu, inchi 16 kama ndizo ilizokuja nazo, na shavu nene, ile namba ya katikati iwe 65 au zaidi.

Na shavu likichanika siku moja, manne yako yakiwa yamelika nusu, usije ukanunua moja jipya. Tafuta mtumba wa jina hilo na sura hiyo uliolika vilevile, uje na futi. Njiani zungusha ile swichi ya X-Trail kutoka AUTO uiweke 2WD. Hiyo swichi ndiyo mali kwenye gari lako, kuliko rimu.

Na ununue ya kiwanda gani? Wazee bado wananiuliza tairi la Arusha. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kiliacha kutoa matairi zaidi ya miaka kumi iliyopita, baba. Nunua jina ambalo utalipata tena Geita au Mwanza mwaka kesho, hiyo ndiyo sifa ya kwanza.

*Shikamoo Shangazi. Natoa sangara Nkome napeleka Kahama kwa Toyota Kluger. Fundi pancha wangu ananijazia upepo 50 kila tairi, anasema nikibeba mzigo tairi haliishi. Ni kweli?*
*Mama Sangara*

Marahaba mama. Anasema kweli upande mmoja: kashata ya pembeni haitaisha. Ya katikati itaisha badala yake. Gari litadunda kama mpira wa watoto, na jiwe dogo litakalokutana na tairi lililokaza hivyo litalipasua. Soma stika ya mlango, ina upepo wa gari tupu na mara nyingi wa gari lililojaa. Fuata wa mzigo, pima alfajiri tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka. Kisha soma ubavuni namba ya uzito: 102 maana yake tairi moja linabeba kilo 850, siyo zaidi. Jumlisha gari lenyewe, samaki, barafu, wewe, na yule msaidizi wako. Msaidizi nimemwona.

*Shangazi, mpenzi wangu ana laini tatu za simu na hataki nizishike. Huja kunichukua na Harrier kila Ijumaa kwenda Geita mjini. Nimwamini?*
*Njia Panda, Nkome*

Umekosea safu, mwanangu. Lakini kwa kuwa umetaja Harrier: Ijumaa akija, kabla hujaingia, zunguka gari taratibu ukijifanya unapokea simu. Ukikuta majina manne tofauti kwenye matairi manne, ujue ni mtu wa kuokoteza. Pitisha kidole kwenye mifereji ya kashata. Kama ina kingo kali na chini yake unahisi nyuzi za chuma, tairi lilikuwa kipara, limechongwa kwa kisu cha moto na kupakwa rangi nyeusi. Hapo usipande. Hiace za Geita zipo, na nauli nitakukopesha, urudishe Jumatatu.