Barua ya Wazi kwa Mtunga Mitihani

Kwa Mheshimiwa Mtunga Mitihani,
Popote ulipojifungia.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUFUNDISHA KUTOYAAMINI MACHO YETU

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha pili alirudi na karatasi ya jaribio kutoka shuleni kwao, jina kapuni. Swali: nani alikuwa mtu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro? Yeye aliandika "Wachagga". Akapata kosa la wino mwekundu, na pembeni jibu sahihi: Johannes Rebmann, 1848.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Marangu, alikuwa akimenya ndizi za mtori. Kisu kikasimama. "Na wazee wetu waliochimba mifongo kuteremsha maji mpaka migombani, walichimba wamefumba macho?"

Nikamwambia: Mama, punguza sauti, mwongozo wa kusahihisha umeshasema.

Kinachonifariji ni kwamba huyo Rebmann naye kwako angefeli. Alipoandika kuwa ameona theluji karibu na ikweta, William Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimkatalia katakata. Mwongozo wake haukuwa na theluji. Kumbe ofisi yako ni ya zamani hivyo!

Kwenye historia ukauliza sababu za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwanangu akaandika njaa: kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hakupata kitu, maana njaa haimo katika pointi zako tano. Alitakiwa aandike "ukosefu wa umoja". Kweli wapo waliobaki nje ya vita. Lakini Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, waliozikabili bunduki za rashasha kwa imani moja, wanaomba radhi: hawakujua kuwa hawana umoja.

Dada yake yuko chuo cha ualimu. Usiku huzunguka sebuleni kama mlinzi wa lindo, daftari mkononi, akikariri hatua nne za Jean Piaget. Huyo ni Mswisi aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba mtoto hujenga maarifa kwa kushika vitu, kujaribu na kukosea. Nikamwuliza: "Sasa hilo darasani utalifanyaje?"

"Baba, hilo haliulizwi."

Nimekuelewa, Mheshimiwa. Ili mtu afaulu somo la kwamba kukariri si kujifunza, sharti alikariri.

Kisha kuna Ivan Pavlov, Mrusi aliyewazoesha mbwa wake mpaka wakawa wanadondokwa na mate hata nyama isipokuwepo, kwa kusikia ishara tu. Wewe umempiku. Wanafunzi wetu wakiona neno "Taja" hudondokwa na pointi tano, na nyama hawajawahi kuionja.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kuwa mitihani imepewa uzito kupita kiasi. Wengine wangeona haya. Wewe ulitoa kalamu: "Taja malengo manne ya Elimu ya Kujitegemea." Lalamiko likageuka alama nne, likaisha.

Kwa heshima hiyo, nakuambatanishia jaribio fupi. Muda ni dakika moja, simu hairuhusiwi.

Nani aliuona Mlima Kilimanjaro kabla ya wenzake?
(a) Rebmann.
(b) Bwana Kheri, kiongozi wa msafara aliyemfikisha Rebmann huko.
(c) Mama wa Kichagga aliyekuwa mfongoni akichota maji asubuhi hiyo, akawaona wote wawili wakija.

Jibu kwa akili zako, Mheshimiwa, wala usihangaike kutafuta majibu. Safari hii mwongozo wa kusahihisha anao mama mkwe.

Wako mtiifu,
Mzazi