Kamba ya Waiyaki Way

Kima wa Arboretum walikuwa na sheria moja: dume akibalehe, ahame. Hakuna aliyeiona nzito, kwa kuwa njia ilikuwepo. Ungeshuka na mto Kirichwa Kubwa, upenye miti ya Chiromo, uvuke Waiyaki Way kabla magari hayajaamka, na jioni uko City Park, wenyeji wanakuchambua chawa.

Kisha barabara ikapanuka, na mwaka 2022 nyingine ikafunguliwa juu yake kwa nguzo. Kaka yake Sudi aliondoka alfajiri moja. Walimwona amelala kando ya lami, mkia umegandamana na ardhi kama utepe, hadi mfagiaji alipokuja na koleo. Tangu hapo hakuna dume aliyehama, wala hakuna aliyemlaumu aliyebaki.

Basi Sudi akamtaka Chausiku, mtoto wa mama yake mdogo. Akina mama wakafurahi: binti hatakwenda mbali, na mkwe wanajua alivyolelewa. Nyanya peke yake hakugusa njugu siku ile. Aliomba aletewe Tabu, kitoto cha miezi miwili kilichozaliwa na wawili wa damu moja, akampa Chausiku. "Mweke tumboni, upande mti."

Mtoto wa kima hushika manyoya ya mama, mama naye akaruka atakavyo. Vidole vya Tabu vilishika, vikafunguka. Vikajaribu tena, vikafunguka. Chausiku alimkinga kwa mkono mmoja, akabaki chini.

"Mbona watu wanaoana binamu kwa binamu?" Sudi aliuliza kwenye kikao.

Korongo, mwenye kiota kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa na anayesikia mengi akipita juu ya mji, akaeleza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 10, inakataza ndugu, wajomba, mashangazi, na binamu pia. Waislamu imewaachia binamu. Anayetaka ndoa ya serikali hutoa ilani ya siku 21, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. "Lakini ajitokeze nani? Vijana wanapatana stejini Kangemi. Wazee wanaojua nani ni wa ukoo gani wamebaki Vihiga na Murang'a. Ilani inasomwa na wapita njia."

"Kwa hivyo sheria haina kazi."

"Inayo," Nyanya akasema. "Anayemwoa binamu kule Lamu anajua ni mtoto wa mjomba yupi, na baba zao ni wawili. Mama zenu ninyi walitoka tumbo moja, na baba yenu ni mmoja, maana dume mkubwa hapa ni mmoja. Unamwita binamu, ni dada yako. Kasoro iliyojificha kwako yaweza kuwa imejificha na kwake, nazo zikakutana kwa mtoto. Safari moja huenda usiione. Kizazi juu ya kizazi, ndani ya ua huu, utaiona. Tabu hakuulizwa."

Sudi aliinamisha kichwa. "Nimekuelewa, nyanya. Sasa niambie nipite wapi. Kaka yangu alitii."

Hapa ndipo ninapomheshimu yule mzee: hakumkaripia. Mwenye kukataza bila jibu la swali hilo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Alimgeukia Korongo. "Wenzetu wa pwani wanavukaje?"

"Diani kuna madaraja ya kamba juu ya barabara. Mbega na kima hupita juu, magari chini."

Walisokota mizizi ya mkuyu siku tisa. Kamba ikapita chini ya barabara ya nguzo, juu ya matatu za Kangemi. Usiku wa kumi, Nyanya alimshika Sudi sikio.

"Mama yako?"

"Riziki."

"Mama yake?"

"Wewe."

"Na mama yangu?"

Sudi akakwama. Nyanya akamfundisha, akamrudisha mwanzo, tena na tena, hadi mwezi ukazama.

Lori lilipopita kamba iliyumba. Sudi akaganda, akasubiri, akaendelea. Alfajiri, kwenye mti wa City Park, jike mzee alikuwa macho.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Sudi akavuta pumzi, akaanza na mama yake.