Ng'ang'a Kaangusha Kompyuta

Inahitaji kipaji cha pekee kuunda programu ya kusajili wakulima wa kahawa Othaya, halafu ikazirai kwa jina la Ng'ang'a. Kwa SQL, lugha ya hifadhidata, ritifaa ndiyo hufunga maandishi: hifadhidata inasoma Ng, inadhani jina limekwisha, inakumbana na ang, inagoma. Dawa ipo miaka mingi: jina lipitishwe kama kigezo, lisibandikwe ndani ya amri. Fundi wetu, mzaliwa wa Karatina, mjukuu wa akina Wang'ombe, ana dawa yake. "Andika Nganga tu, dada," anamwambia karani. Malipo yakifika benki, kitambulisho kinasema vingine, na mzee Ng'ang'a anatumwa kwa chifu alete barua kwamba yeye ni yeye. Programu ya ng'ombe wa maziwa inakuja mwezi ujao.