Majirani Wamevua Makoti, Nami Nivue? Mshauri Ajibu Barua za Majira ya Kuchipua

Kila ifikapo Machi, mfuko wa barua wa Mshauri hufura. Wasomaji waishio Ulaya na Amerika ya Kaskazini, waliokuwa kimya tangu Novemba kama vyura wa kiangazi, huamka kwa pamoja na kuanza kuuliza. Baridi imelegea, siku zimerefuka, na mtu aliyekulia kwenye masika na kipupwe hajui afanye nini na majira haya ya katikati. Mshauri si daktari, si mkulima, wala si mtabiri wa hali ya hewa. Sifa yake kubwa ni kwamba hujibu, na hatozi kitu. Wasomaji watagundua pia kuwa karibu kila anachokipendekeza hakiuzwi dukani.

"Mshauri, jana kipimajoto kilisoma nyuzi 10. Jirani yangu alitoka na kaptura, mwanawe kifua wazi, na mbwa wao kavuliwa sweta. Mimi nilikuwa na koti, kofia na glavu. Nani kati yetu anahitaji msaada?" — Aliyejifunika, Minneapolis

Hakuna mgonjwa hapo. Usiku wa Januari jijini Minneapolis, kwa kawaida joto hushuka hadi kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na siku mbaya huzidi mno hapo. Mwili uliovumilia hayo miezi kadhaa ukikutana na nyuzi 10 unaona umefika Tanga. Watu wa Njombe, ambako usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, huzikabili nyuzi hizohizo kwa blanketi na jiko la mkaa, nao hawana kosa.

Mshauri hamlazimishi ndugu huyu kuvua chochote. Avae nguo nyepesi juu ya nyepesi, apunguze mojamoja kadiri damu inavyochemka. Koti asilifungie stoo kabla ya Mei, maana theluji ya Aprili si kioja Minnesota. La muhimu ni atoke. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza: waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki mahali penye miti, nyasi au maji walielekea kusema kwamba afya yao ni njema na maisha yanawaridhisha, kuliko wale ambao hawakutoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilitumika kwa mkupuo au kidogokidogo. Njia ya kulizunguka ziwa Bde Maka Ska ni kama kilomita 5, mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na haraka. Mizunguko miwili kwa wiki inatosha. Ila azunguke kweli, asikatize juu ya barafu. Barafu ya Machi, hata ikiwa nene, ni dhaifu kuliko barafu mpya ya Desemba, na idara ya maliasili ya jimbo haichoki kuwakumbusha watu kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

"Shikamoo Mshauri. Nahudumia wazee zamu ya usiku. Narudi alfajiri nikitamani kitanda tu, lakini tangu Aprili ndege wanaanza kelele saa kumi, jua halijatoka. Je, halmashauri ya mji inapokea malalamiko dhidi ya ndege?" — Macho Mekundu, Leeds

Marahaba, mwanangu. Halmashauri haitakusaidia, kwa sababu wakosaji hawana anwani ya kudumu. Wengi wa waimbaji hao ni madume yanayotangaza mipaka yao na kutafuta wachumba. Huanza kabla ya mapambazuko kwa sababu bado ni giza, wadudu hawaonekani, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kuimba. Upepo nao umetulia na magari ni machache, sauti inafika mbali. Waingereza huwaamkia kwa hiari: kila Jumapili ya kwanza ya Mei kuna watu wanaotega saa ili wakasimame msituni gizani, wawasikilize. Dada wa Leeds anakipata kipindi hichohicho akiwa njiani kutoka kazini, na tena kalipwa usiku kucha.

Basi mara moja kwa wiki, kabla ya kuingia ndani, apitie bustani ya Roundhay. Ni miongoni mwa bustani kubwa za miji barani Ulaya, na hakuna kiingilio. Akae kwenye benchi nusu saa na chupa yake ya chai. Kisha aende nyumbani, ashushe pazia zito, atie vizibo masikioni na alale bila kinyongo.

Akiwa benchini aangalie juu, huenda akamwona msafiri kutoka Afrika. Mbayuwayu huanza kuonekana Uingereza mwezi Aprili baada ya safari ya kilomita kama 10,000 kutoka kusini mwa Afrika, na ndugu zao wa nchi nyingine za Ulaya na Asia hupitisha miezi ya baridi Kenya na Tanzania, wakijipanga kwenye nyaya za umeme. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua ndege hawa hujificha wapi. Wapo waliosadiki kwamba hulala ndani ya tope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki uliompenya shingoni. Mkuki ulikuwa wa Kiafrika. Korongo alichomwa Afrika, akaruka nao hadi Ulaya, na mjadala ukapoteza nguvu. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Anayelalamikia uchovu wa safari ya kurudi kutoka likizo amfikirie korongo huyo.

Neno la mwisho kwa Leeds ni la jua. Huduma ya afya ya Uingereza inasema kuanzia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili hadi Septemba, watu wengi hupata vitamini D ya kutosha kutokana na jua. Lakini inaongeza kwamba wenye ngozi nyeusi huenda wasipate ya kutosha kwa jua la kule, hivyo wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Mlinzi wa usiku na muuguzi wa usiku, wanaolala jua likiwaka, wana sababu ya ziada ya kuliulizia hilo duka la dawa.

"Nilipanda mchicha tarehe 20 Machi, siku ya jua kali. Ukaota, ukanisalimia, ukafa. Je, nimelogwa?" — Mama Bustani, Hamburg

Mama hajalogwa. Kaponzwa na jua la Machi, ambalo hung'aa bila kupasha joto udongo. Mchicha ni mmea wa joto na jalidi ya usiku mmoja inaumaliza. Wakulima wa Ujerumani wana kalenda yao ya tahadhari: tarehe 11 hadi 15 Mei ni siku za Watakatifu wa Barafu, na wa mwisho wao, Sophie, ndiye anayeogopwa zaidi. Kabla ya Sophie kupita, mboga laini hazitoki nje. Mama aoteshe mchicha kwenye kopo dirishani mwezi Aprili, auhamishie nje katikati ya Mei. Wakati anasubiri, nje apande sukuma wiki, spinachi na giligilani, ambazo baridi kidogo haziziui.

Kama hana uwanja, ajiandikishe kwenye orodha ya vibustani vya kukodi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1983 inasema kibustani kimoja kisizidi mita za mraba 400, na kibanda chake kisizidi 24. Mpangaji hana budi kulima matunda na mboga. Akitandaza nyasi tupu na viti vya kuotea jua, atapata barua. Foleni katika miji mikubwa ni ya miaka, kwa hiyo aanze leo na balkoni.

Jirani akimwalika kuchuma kitunguu saumu mwitu msituni, aende, ni mboga tamu na ya bure. Ila majani yake yanafanana na ya mimea miwili yenye sumu kali inayoota majira hayohayo. Asiyeyajua vizuri asichume peke yake.

"Kila Aprili machozi yananitoka mchana kutwa. Mume wangu ananiuliza nalilia nani." — Machozi Bila Msiba, Brussels

Bwana aelezwe kwamba anayeliliwa ni mti. Mti uitwao birch hutawanya chavua yake hewani mwezi Aprili, na macho na pua za watu wenye mzio huifanyia vurugu. Mzio huu unaweza kumwanza mtu akiwa mzima kabisa, pengine baada ya kuishi ugenini miaka kadhaa. Dalili moja ya kumshawishi bwana: wengi wenye mzio wa birch huwashwa mdomo wakila tofaa bichi, ila likipikwa haliwasumbui.

Dada avae miwani ya jua akitoka, ajipake mafuta mazito ya mgando kuzunguka matundu ya pua yazuie chavua, aoge na kubadili nguo akirudi, na asianike mashuka nje. Duka la dawa lina vidonge vya mzio visivyoleta usingizi. Kifua kikianza kubana, hapo si suala la safu hii, amwone daktari. Na kama machozi yataendelea hadi Desemba, bwana atakuwa na haki ya kuuliza tena.

"Wageni wangu kutoka Arusha wanafika tarehe 15 Aprili kuona maua ya micheri ya Washington. Wamenunua tiketi. Nasikia maua yameshaanguka. Nifanye nini?" — Mwenyeji Mwenye Hofu, Maryland

Kwanza asiwaambie wakiwa bado hewani. Maua ya ile micheri mashuhuri pembezoni mwa Tidal Basin kwa kawaida hufikia kilele kuelekea mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na kilele ni siku chache tu. Mvua moja na upepo, kwisha. Tena yanawahi zaidi: mwaka 2024 kilele kilikuwa tarehe 17 Machi. Kyoto nchini Japani, ambako kumbukumbu za maua haya zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,200, kilele cha mwaka 2021 kilikuwa tarehe 26 Machi, mapema kuliko vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo.

Dawa ipo. Micheri haichanui yote kwa pamoja. Aina ya Kwanzan, yenye maua ya waridi yaliyojaa tabaka kwa tabaka, huchanua kama wiki mbili baada ya ile mashuhuri, na imejaa East Potomac Park, hatua chache kutoka Tidal Basin. Huko watu ni wachache na nyasi ni pana. Mwenyeji afanye kama Wajapani wafanyavyo: atandike mkeka chini ya mti, aweke chapati, maharage ya nazi na chai ya tangawizi, kisha wakae tu. Kuvunja matawi kwa ajili ya picha ni marufuku.

Wageni wakiuliza miti imetoka wapi, awape kisa chake. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, alituma miti 2,000, ikafika Washington mwaka 1910. Wakaguzi wa Marekani waliikuta na wadudu na minyoo, wakaichoma moto yote. Balozi zikaogopa ugomvi. Tokyo haikununa, ilituma mingine 3,020, na tarehe 27 Machi 1912 miwili ya kwanza ikapandwa na mke wa Rais, Helen Taft, pamoja na mke wa balozi wa Japani. Mwenyeji aliyechelewa kwa wiki mbili anaweza kujifariji kwamba maua yenyewe yalichelewa miaka miwili.

"Mke wangu ametangaza usafi wa nyumba nzima. Majirani zetu Wairani nao wanakung'uta mazulia. Mimi nataka kulala." — Mzanzibari Mchovu, Toronto

Kaka huyu amezingirwa kihalali. Wairani husafisha nyumba yote kabla ya Nowruz, mwaka mpya wao unaoanza siku usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi. Naye Mzanzibari ndiye wa mwisho kuwashangaa, kwa kuwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi una asili ya sherehe hiyohiyo, ingawa sasa huangukia Julai. Makunduchi wanaume huchapana kwa mabua ya migomba ili ugomvi wa mwaka uishe, kisha watu wakala na kucheza. Migomba haioti Toronto, kwa hiyo wanandoa wagawane vyumba. Afungue madirisha, apige pasi mbili za ufagio, atoe mablanketi juani, na kulala atalala mchana, kwenye shuka lenye harufu ya jua.

"Nimesoma gazetini kwamba Aprili ni mwezi wa pikiniki, maua na baiskeli. Nilijaribu. Kikapu kilielea." — Mwana wa Jangwani, Dar es Salaam

Aliyeandika hayo alikuwa akiwaandikia watu wa London. Dar es Salaam mwezi Aprili ni masika penyewe, na kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Burudani yake ni mihogo ya kuchemsha, chai ya rangi na bati linalopigwa ngoma. Mvua ikipumzika, ipo Bustani ya Mimea katikati ya mji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, yenye kivuli na kimya. Anayetaka maua mengi kweli apange safari ya Kitulo, nyanda za juu kusini, mita kama 2,600 juu ya bahari. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua yake, zikiwemo aina 45 za okidi, huchanua msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Avae buti na achukue sweta, maana kule juu kuna baridi.

Tangazo kwa wote: sehemu kubwa ya Ulaya saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada, Jumapili ya pili ya mwezi huohuo. Atakayechelewa kazini Jumatatu yake asimtaje Mshauri.